Kadi ya Kijani

Kipambanuzi kilikuwa tao la kioo lenye kimo cha mita tatu, lililosimamishwa kwenye mlango wa mapokezi ya dharura ya Hospitali ya Nyota Saba, jijini Mbeya, mwaka wa 2079. Mgonjwa alipita chini yake kama mtu anayeingia nyumbani kwake, na baada ya sekunde kumi na moja kilikuwa kimekwisha kumsoma. Vitambuzi vyake vilipima joto la mwili kwa mbali, vikahesabu mapigo ya moyo kwa kutazama tu jinsi damu inavyopanda na kushuka chini ya ngozi ya uso, vikakisia presha, vikanusa hata pumzi. Hapakuwa na sindano wala mkanda wa kufungwa mkononi. Kisha tundu dogo lililokuwa pembeni lilitema kadi. Nyekundu, mgonjwa aonwe sasa hivi. Njano, aonwe ndani ya saa moja. Kijani, akae asubiri, hana neno.

Watu walikuja kukitazama kutoka miji mingi. Walisimama kando ya ukuta na kuona wagonjwa mia nne wakipangwa kwa asubuhi moja bila kelele, bila mtu kusukumana na mtu, na wakaondoka wakitikisa vichwa kwa kustaajabu.

Sekela Mwaipopo naye aliwahi kustaajabu. Alikuwa muuguzi wa dharura kwa miaka ishirini na sita, na aliikumbuka foleni ya zamani iliyopinda hadi nje getini, ambamo mtu aliweza kukata roho huku ameshika namba yake mkononi. Siku kioo kile kilipowashwa kwa mara ya kwanza alipiga makofi mpaka viganja vikamuuma. Hakuipigia makofi kanuni iliyofuata. Miezi saba kabla ya mambo haya, uongozi ulitangaza kwamba muuguzi haruhusiwi kubadili rangi iliyotolewa na mashine. Akiwa na shaka, atume ombi la kupandisha rangi kwa msimamizi, na msimamizi ndiye atakayeamua. Muuguzi ambaye maombi yake yalikataliwa mara tatu kwa mwezi alipelekwa kwenye mafunzo ya wiki nzima ya namna ya kuiamini mashine.

Sekela alikwisha kupelekwa mara moja. Alikalishwa darasani na vijana waliozaliwa yeye akiwa tayari anafunga vidonda, wakamfundisha kwamba jicho la binadamu huchoka na la mashine halichoki. Alirudi kazini amejifunza kunyamaza. Na katika wiki ile ile aliyorudi, mwanamke mmoja aitwaye Atuganile alipita chini ya kioo akapewa kadi ya kijani. Sekela alimgusa mkono alipokuwa akimwonyesha pa kukaa, akaona ni wa baridi kama wa mtu aliyetoka mtoni. Alifungua kinywa, akakifunga. Atuganile alisubiri, akapewa vidonge vya maumivu, akaenda zake. Siku ya pili yake alikufa nyumbani. Tangu siku hiyo Sekela alikuwa na hasira ambayo hakujua aielekeze wapi, na sehemu kubwa aliielekeza kwake mwenyewe.

Bupe alifika siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, akitembea kwa miguu yake. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike siku tano zilizopita, uzazi wa kwanza, na mumewe alikuwa mbali, Chunya, kwenye mashamba ya vioo vya jua ambako mafundi hukaa miezi miwili bila kurudi. Aliyemleta ni mama mkwe wake, Bibi Tusajigwe, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, aliyembeba mtoto mgongoni kwa kanga ya kijivu.

Bupe alipita chini ya kioo. Sekunde kumi na moja. Kadi ya kijani. Chini ya rangi palikuwa na maneno mawili: uchovu wa mzazi.

Sekela alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka pale. Kabla hata hajaiona kadi alikuwa amemsikia Bupe akipumua. Ilikuwa pumzi fupi fupi, ya haraka, kama ya mtu aliyepanda mlima, na wala mahali pale hapakuwa na ngazi. Alimsogelea, akamwamkua, akamuuliza jina lake. Bupe akalitaja. Akamuuliza amekuja na nani. Bupe alimtazama mama mkwe wake kwa muda mrefu, kisha akajibu kwamba amekuja na mwalimu wake.

Bibi Tusajigwe alicheka kwa aibu. Alisema mkwewe hajalala vizuri, mtoto analia mno, ndiyo maana anachanganya maneno.

Sekela alimshika Bupe mkono. Ulikuwa wa baridi. Alibonyeza ukucha wa kidole gumba mpaka ukawa mweupe, akauachia, akaanza kuhesabu kimoyomoyo. Kwa mtu mzima wa afya, wekundu hurudi kabla hujafika mbili. Alihesabu hadi tano ndipo ukucha ukaanza kupata rangi. Alimwomba apandishe gauni kidogo, akatazama magoti. Yalikuwa na mabaka ya zambarau, kama ramani iliyochorwa na mtu asiye na haraka.

Akamuuliza Bibi Tusajigwe iwapo Bupe amekwenda haja ndogo leo. Mama huyo alifikiri. Alisema hapana, wala jana jioni hakumwona akienda, na alidhani ni kwa sababu hanywi uji wake. Aliongeza kwamba juzi alikuwa na homa kali na kutetemeka, ila tangu jana homa imeshuka, mwili umepoa kabisa, wakafurahi.

Homa haikuwa imeshuka kwa heri. Mwili ulikuwa umeshindwa hata kutoa joto.

Alilijua jambo hili kama anavyojua njia ya kwenda kwake. Vijidudu vikiingia mwilini, mara nyingi kwa mzazi huanzia katika tumbo la uzazi, na mwili huvipiga vita. Lakini kuna wakati mwili hupigana bila kiasi. Mishipa ya damu yote hulegea kwa pamoja na kuanza kuvuja, presha huporomoka, na moyo hukimbia bure kama pampu kwenye kisima kilichokauka. Figo hukosa damu, ndiyo maana mkojo hukatika. Ubongo hukosa damu, ndiyo maana mtu humwita mama mkwe wake mwalimu. Madaktari huuita mshtuko wa sepsisi, na kila saa inayopita bila dawa huondoka na sehemu ya uhai. Mgonjwa wa namna hii hana muda wa kukaa kwenye benchi.

Alituma ombi la kupandisha rangi kwa kifaa chake cha mkononi. Aliandika yote aliyoyaona, pumzi, ukucha, magoti, mkojo. Jibu lilirudi baada ya dakika arobaini. Lilisema kwamba mapigo ya haraka na uchovu ni hali ya kawaida kwa mzazi wa siku tano, joto la mgonjwa ni nyuzi thelathini na tano na nukta nane na hivyo hana homa, rangi inabaki kijani.

Aliandika tena. Baada ya nusu saa nyingine alikataliwa tena, safari hii kwa sentensi moja.

Aliyekuwa akijibu alikuwa Dokta Ambakisye Mwakalinga, msimamizi wa dharura, aliyeketi ghorofa ya nne. Sekela ndiye aliyemfundisha kutafuta mshipa wa mtoto mchanga, enzi zile Ambakisye akiwa mwanafunzi anayetetemeka mikono. Aliamua kupanda mwenyewe. Alimwambia Bibi Tusajigwe asimwache Bupe alale usingizi, amsemeshe, na akizidiwa apige kelele bila kuona haya.

Ghorofa ya nne palikuwa na wageni. Dokta Ambakisye alikuwa akiwaonyesha ubao mkubwa wa nuru ambamo rangi tatu ziliogelea kama samaki, na akiwaeleza kwamba katika miezi saba hospitali yake haijavuka kadi nyekundu kumi na mbili kwa siku hata mara moja. Alimwona Sekela mlangoni, akainua mkono wa kumwomba asubiri. Sekela alisubiri dakika moja. Kisha akaingia na kusema mbele ya wageni kwamba chini kuna mzazi aliye katika mshtuko, na anaomba daktari ashuke.

Dokta Ambakisye alimchukua kando kwa upole. Alikuwa na sauti laini, ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Sista, umeshatuma maombi mawili. La tatu nikilikataa unarudi darasani. Nakuheshimu, ndiyo maana nakuomba usilitume."

"Sikuja kutuma ombi. Nimekuja kukuita. Shuka umguse mkono."

"Nikishuka kwa huyu, kesho nitashuka kwa wote. Mashine ipo ili tusishuke."

Alisema akimaliza na wageni atapita kumwona. Sekela alitazama ile meza yenye vikombe na sahani za vitafunio, akajua kwamba kumaliza kwao si leo. Aliteremka ngazi mbilimbili akiwa na miaka hamsini na mbili na goti bovu.

Alikuta watu wamesimama wamezunguka benchi. Bupe alikuwa ameangukia bega la mama mkwe wake na sasa alikuwa akiteleza kuelekea sakafuni, macho yamefunguka nusu. Bibi Tusajigwe alikuwa akimwita jina lake kwa sauti ileile nzito, bila kulia, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Mtoto mgongoni ndiye aliyekuwa akilia. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika kumi. Karibu saa mbili nzima zilikuwa zimepita tangu kioo kile kilipotema kadi.

Sekela alimlaza Bupe sakafuni palepale, akainua miguu yake juu ya begi la nguo za mtoto. Alimwamuru mlinzi wa mlango alete machela, akajibiwa kwamba machela hazitoki kwenye kituo chake bila kadi nyekundu. Alikimbilia kabati la dawa. Hilo nalo lilikuwa la kisasa, mlango wa chuma usio na tundu la ufunguo, na lilifunguka kwa kuonyeshwa kadi ya mgonjwa. Aliionyesha kadi ya kijani. Kabati lilimtolea vidonge viwili vya maumivu katika kikombe cha karatasi.

Aliweka kikombe chini taratibu, akaenda kwenye kona, akachomoa mtungi wa kuzimia moto, akarudi. Alilipiga kabati mara tano. Kwa pigo la tano bawaba ya juu ilikatika, na king'ora kikaanza kulia jengo zima.

Kisha akafanya kazi yake. Alipiga magoti kwenye vigae, akafunga mkono wa Bupe kwa mpira, akatafuta mshipa. Mishipa ilikuwa imesinyaa. Alikosa mara moja, akapata mara ya pili. Alichukua kwanza damu kidogo kwenye chupa ya maabara ili vijidudu vijulikane, akafungulia maji ya dripu yaende kwa kasi yote, akachoma dawa mbili kali za kuua vijidudu, moja baada ya nyingine. Alimwomba mgonjwa aliyekuwa karibu, mzee mwenye kadi ya njano aliyekuja kwa ajili ya mguu, ainyanyue chupa ya maji juu kadiri awezavyo, na mzee yule aliinyanyua kwa mikono miwili. Alifunga mkanda wa zamani wa kupimia presha, uliokuwa umetupwa chini ya meza tangu kioo kilipokuja. Presha ya juu ilikuwa sitini na nane. Ya chini hakuisikia.

King'ora ndicho kilichowashusha madaktari. Daktari wa upasuaji aliyekuwa zamu alifika akikimbia akidhani moto umewaka. Alimtazama Bupe mara moja tu na hakuuliza kadi. Walimpeleka chumba cha upasuaji mikononi, wamemlaza kwenye shuka lililoshikwa pembe nne. Huko walikuta kipande cha kondo la nyuma, kidogo kama ganda la yai, kilichobaki tumboni tangu siku ya kujifungua na kuoza humo.

Bupe aliishi. Kwa siku tatu moyo wake ulisukumwa na dawa ya kupandisha presha, iliyokuwa ikiingia mshipani tone kwa tone. Ile damu kidogo iliyobaki, mwili uliigawa kama familia ya njaa inavyogawa chakula: moyo kwanza, ubongo, mapafu. Mikono na miguu ikakosa. Siku ya nne ncha za vidole zilikuwa nyeusi. Siku ya kumi na sita walimkata vidole vyote vya miguu na vinane vya mikono, wakambakishia vidole gumba viwili tu.

Sekela alisimamishwa kazi siku ileile ya king'ora. Kosa lililoandikwa ni kuvunja kifaa cha hospitali na kukiuka kanuni ya rangi. Wiki moja baada ya upasuaji wa vidole, aliitwa mbele ya kamati ya watu watano.

Alikwenda amevaa sare yake, ingawa alikuwa ameambiwa asiivae. Dokta Ambakisye alizungumza kwanza, kwa sauti yake laini. Hakumtukana. Alisema Sista Sekela ni muuguzi wa kuheshimiwa, ila ni wa enzi nyingine, na kwamba safari hii alibahatisha. Hospitali haiwezi kuendeshwa kwa bahati. Kipambanuzi hukosea kama kila kitu kikoseavyo, lakini hukosea mara chache kuliko watu. Ili kulithibitisha hilo alikuwa amemwita mhandisi wa mashine ile, Ipyana Kasebele, aliyesafiri kwa treni ya angani kutoka Iringa.

Ipyana alikuwa mwanamume mwembamba wa miaka arobaini hivi, aliyenyoa kichwa. Aliulizwa iwapo mashine ilikuwa nzima siku ile ya Jumanne. Alijibu kwamba ilikuwa nzima. Akaulizwa iwapo basi ilishindwa kumtambua mgonjwa. Hapo aliishikilia meza.

"Haikushindwa," alisema. "Iliona."

Mwenyekiti alimwomba aeleze.

Ipyana aliwasha kumbukumbu ya mashine, nayo ikaelea hewani juu ya meza, mistari ya namba inayosomeka na kila mtu. Alionyesha sekunde ya kwanza, Bupe anaingia. Ya pili, pumzi thelathini na moja kwa dakika. Ya tatu, presha tisini kwa hamsini. Ya nne, palikuwa na maneno: mshtuko wa sepsisi, uhakika tisini na moja kwa mia, kadi nyekundu. Na katika sekunde ya tano yalikuwepo maneno mengine: Kanuni ya Utulivu imetumika. Kuanzia hapo namba zilianza kupunguzwa. Pumzi ziliondolewa alama kwa kuwa ni mzazi. Mapigo yaliondolewa alama kwa kuwa ni mzazi. Joto la chini lilihesabiwa kuwa ni kukosa homa. Ilipofika sekunde ya kumi na moja, nyekundu ilikuwa imekwisha kuwa kijani.

Sekela aliusoma mstari ule wa nne mara mbili. Kwa miezi saba alikuwa ameichukia mashine. Alikuwa amekitazama kile kioo kila asubuhi kama mtu anavyomtazama jirani mchawi. Kumbe kilikuwa kimeona alichokiona yeye, tena upesi kuliko yeye, kikazibwa mdomo.

Mwenyekiti aliuliza nani aliyeitunga kanuni hiyo.

"Niliiandika mimi," Ipyana akasema. "Iliagizwa na ofisi ya msimamizi. Barua ninayo. Waliniambia kadi nyekundu zisizidi kumi na mbili kwa siku, kwa sababu chumba cha mahututi kina vitanda kumi na viwili. Zikizidi, mashine itafute walio rahisi kupunguziwa. Wazazi wapya ni rahisi, kwa kuwa miili yao hubadilika. Nikaandika."

Alieleza kwamba baada ya kusikia habari za kabati lililovunjwa alirudi kwenye kumbukumbu na kutazama miezi yote saba. Kanuni ile ilikuwa imezima kadi nyekundu mia mbili na kumi na nne. Katika hao, kumi na tisa walikuwa wamekufa ndani ya siku tatu. Mwenyekiti alimtaka asitaje majina, naye akayataja. Aliyasoma polepole. Jina la tisa lilikuwa la Atuganile.

Dokta Ambakisye hakukana. Aliegemea mbele, na kwa mara ya kwanza ile sauti laini ilikwaruza.

"Vitanda ni kumi na viwili," alisema. "Vilikuwa kumi na viwili kabla ya mashine, na ni kumi na viwili leo. Mlitaka ipige kelele kwa mtu wa kumi na tatu, halafu tumlaze wapi?"

Sekela alisimama. Hakuwa ameruhusiwa kuzungumza, na hakuna aliyemzuia.

"Mimi nilimlaza sakafuni," alisema. "Hakuomba kitanda. Alihitaji maji mshipani, dawa, na mtu wa kumtazama. Vyote vilikuwepo, mita kumi kutoka kwenye benchi, ndani ya kabati mlilolifunga. Chupa ilishikwa na mzee mwenye kidonda. Hamkukosa vitanda. Mlikosa aibu."

Aliketi.

Kamati iliahirisha kikao kwa wiki moja ili itafakari. Kabla ya kuondoka, Ipyana alimfuata Sekela kwenye korido. Alisema hakuja kuomba msamaha, maana hajui auombe kwa nani. Ila kuna jambo ambalo hakuulizwa. Kanuni ya Utulivu haikuwa Mbeya peke yake. Hospitali sita katika miji mingine ziliipenda na kuiomba, na wageni waliokuwa ghorofa ya nne siku ile walikuja kwa ajili hiyo hiyo. Ilikuwa ikifanya kazi hata pale walipokuwa wakizungumza.

Sekela alimuuliza kwa nini basi asiizime. Alijibu kwamba hana tena ruhusa ya kuigusa. Ni kamati hii tu inayoweza kuiandikia mamlaka ya juu izimwe kote, na amesikia kwamba watano wale hawapatani. Wawili wanataka izimwe. Wawili wanataka irekebishwe kidogo kwa upande wa wazazi, na Sekela apewe onyo, na shauri life. Mwenyekiti hasemi.

Siku ya kikao cha pili Sekela alifika mapema, akapitia wodini kwanza. Bupe alikuwa ameketi kitandani, ameegemezwa kwa mito. Mikono yake ilikuwa imefungwa bandeji nyeupe hadi kwenye kifundo. Bibi Tusajigwe alikuwa amemshikilia mtoto kwenye titi la mama yake, kwa sababu mama hakuweza kumshika, na mtoto alinyonya bila kujali chochote. Mwanzoni maziwa yalikuwa yamekatika. Bibi Tusajigwe ndiye aliyeyarudisha, kwa uji wa ulezi na ubishi, akimweka mtoto titini kila baada ya saa mbili hata wauguzi walipomwambia haiwezekani.

Sekela aliwasalimu. Alikuwa na nia ya kukaa dakika chache tu. Bupe alimtazama, safari hii akimtambua vizuri, akili yake ikiwa imetulia na kuwa kali.

"Sista," alisema, "nina swali, na sitaki unifariji. Ningeanza zile dawa saa nne, pale nilipoingia, vidole vyangu vingekuwepo?"

Sekela angeweza kusema kwamba ni Mungu ajuaye. Angeweza kusema kwamba ugonjwa ule hautabiriki, na pasingekuwa na uongo mkubwa ndani yake. Bibi Tusajigwe alikuwa amemkazia macho, akimwomba bila maneno ayaseme hayo.

"Vingekuwepo," alisema.

Bupe aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepewa kitu alichokuwa akikidai. Alimtazama mwanawe akinyonya mpaka akaliachia titi. Kisha akauliza kikao cha wale watu kiko wapi, na kinaanza saa ngapi. Sekela akamwambia ni jengo la utawala, saa tisa.

"Nipeleke."

Bibi Tusajigwe alianza kusema kwamba jeraha bado bichi, kwamba daktari hajaruhusu, kwamba kuna baridi nje. Bupe hakubishana naye. Alianza kuing'ata bandeji ya mkono wa kushoto kwa meno, akitafuta pindo lake.

"Mama, nisaidie kuifungua," alisema. "Wamesoma namba zao. Sasa nitaiweka mikono hii mezani kwao, waihesabu wenyewe."

Bibi Tusajigwe alimlaza mtoto kwenye mto, akaketi kando ya kitanda, akaanza kuifungua bandeji polepole, mzunguko kwa mzunguko, na machozi aliyokuwa ameyazuia tangu Jumanne ile yalimtiririka bila yeye kuyafuta.

Sekela hakumwambia Bupe apumzike. Alikwenda kuleta kiti cha magurudumu.